Usimtoroke Nuru

Kilwa Kivinje, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Ninakuandikia mchana, wakati wewe na mwanao Nuru mmekwenda kuwaaga shangazi zako, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni macho yangu, ambayo hayanitii tena jua likizama. Ya pili ni kwamba ninajijua. Nikikuambia haya uso kwa uso, nitakuamrisha kama nilivyowaamrisha wanafunzi maisha yangu yote, nawe utaitikia "ndiyo, Mama" kama ulivyozoea. Safari hii sitaki utii. Nataka usome, ufikiri, kisha uamue mwenyewe. Nitaiweka barua hii juu ya begi lako. Isome leo hii kabla ya kulala, kwa kuwa kesho haitakuwa na maana tena.

Tumekubaliana kwamba kesho alfajiri utaondoka Nuru akiwa bado amelala. Bajaji itasimama mbali na nyumba, utatokea mlango wa uani, nami nitakuwa kitandani pamoja na mtoto, nimempakata asishtuke. Wewe ndiye uliyeomba hivyo, mimi nikakubali, na jirani yetu Bi Somoe akatia muhuri: "Mtoto haagwi, mtoto hutorokwa. Akiamka atanikuta mimi hapa na maandazi, atasahau." Ndivyo wanawake wa hapa wafanyavyo tangu nilipopata akili. Leo ninaiondoa idhini yangu. Sababu nitakueleza, lakini itakubidi univumilie, maana haianzii kesho wala haianzii kwako.

Sitakuambia uvae nini kwenye baridi, wala namna ya kutunza hati yako ya kusafiria. Hayo umeambiwa na kila aliyekuja kukaa barazani wiki hii, na wengine wao hawajawahi kuvuka njia panda ya Nangurukuru.

Ninaanza na siku ile ulipoongea kwa simu na msimamizi wako wa kazi huko ng'ambo, yule mwanamke mwenye miwani. Uliniita nitazame. Akazungusha simu yake tuone ukumbi utakaofanyia kazi: wazee wameketi kwa safu, wengine kwenye viti vya magurudumu, blanketi magotini, na nyuma yao ukutani ubao mkubwa wa kuandikia. Niliutambua mara moja. Mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka yote ile hawezi kuukosea. Nikakuuliza, "Hapo ni shule?" Ukasema, "Ilikuwa shule, Mama. Sasa ni nyumba ya wazee." Nikauliza, "Watoto wamehamishiwa wapi?" Ukajibu taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "Hawakuhamishwa. Hawakuzaliwa."

Hukujua neno lile lilinifanya nini. Mimi nimefundisha darasa ambalo watoto waliketi sakafuni mpaka mlangoni, na aliyetaka kwenda msalani alipita juu ya mabega ya wenziwe. Nilistaafu bila kuyajua majina yote ya wanafunzi wangu, na hilo kwa mwalimu ni aibu. Huko Dar es Salaam watoto wa kaka yako Hamisi wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, kwa sababu madarasa hayawatoshi. Na sasa ninaambiwa ipo nchi yenye madarasa, madawati na ubao usio na ufa, ila watoto hawapo. Niliitafakari hesabu hiyo nikiwa juu ya mswala, Mungu anisamehe. Dunia imegawana watu wake vibaya. Wenye wazee hawana vijana wa kuwaosha, nao wanakuja kuwachukua kwetu. Sisi tunabaki na watoto ambao mama zao wamekwenda kuosha wazee wa watu. Pengo halizibwi, Zuhura. Linahamishwa tu kutoka nyumba moja hadi nyingine, na safari hii limefika kwangu.

Usidhani ninakulaumu. Ninasema nilichokiona.

Bibi yako, mama yangu, alizaa mara nane kule Kiranjeranje. Walioishi ni wanne. Wakati wake kulikuwa na mwiko ambao wewe umeusikia kwa mzaha tu: mume na mke wasikutane mpaka mtoto aache ziwa, la sivyo mtoto atabemendwa, yaani atakonda, tumbo litavimba, na miguu itakataa kumbeba. Mwanamke alirudi kwa mama yake na mtoto mchanga, akakaa huko mpaka mtoto aweze kutumwa kuleta kata ya maji. Mama yangu aliushika mwiko huo kwa watoto watatu wa kwanza. Kisha baba akachoka kungoja, naye mama akaogopa kuletewa mke mwenza. Watano waliofuata walikuja kwa kupandana, na wanne kati yao ndio waliolala makaburini nyuma ya shamba la ufuta.

Mimi nilikuwa msomi. Nilipojifungua Hamisi, mama alikuja kunichukua na kusema, "Funga virago, unarudi nyumbani hadi mtoto akomae." Nilimcheka mbele ya mume wangu. Nikamwambia, "Mama, hayo ni ushirikina. Maziwa hayaharibiki kwa sababu ya mume." Kweli hayaharibiki. Hilo nililisoma, na nililijibu vizuri kwenye mtihani. Nililolisahau ni kwamba mama hakuwa na kidonge wala sindano, alikuwa na mwiko tu, na mwiko huo ulifanya kazi yake. Mimi niliutupa mwiko nisichukue kitu mahali pake. Niliona haya kwenda kliniki kuulizia uzazi wa mpango, mwalimu mzima nikutwe foleni pamoja na wazazi wa wanafunzi wangu. Basi wewe ukaja kabla Hamisi hajasimama dede. Akanyang'anywa ziwa ghafla, akakonda, tumbo likavimba, na miguu ikakataa kumbeba. Wanawake wa mtaani walipita wakimtazama, wakasema kwa sauti ya kunisikilizisha, "Mtoto wa Mwalimu kabemendwa." Walikosea sababu tu. Waliyoyaona yalikuwa kweli.

Baada ya hapo nilikwenda kliniki, nikakaa foleni, na sikuzaa tena. Mama yangu nane, mimi wawili, wewe mmoja. Bi Somoe husema sisi tunashuka ngazi, na mwisho wa ngazi ni chini. Mimi simwamini kabisa, wala simkatalii kabisa. Ila neno moja ninalijua. Waliosema mtoto ni akiba ya uzee hawakuwa kwenye kitanda cha mama yangu siku yake ya mwisho. Wana wanne wazima alikuwa nao, na aliyemshika mkono ni mmoja. Wengine walikuwa Dar es Salaam, Mtwara na Tanga, wakitafuta riziki, na hakuna aliyekuwa mbaya. Kwa hiyo usije ukazaa ili unipatie mimi wasaidizi, na usije ukaacha kuzaa kwa sababu mwajiri hapendi tumbo. Kijiti cha kuzuia mimba ulichowekwa mkononi ni chako. Siku ya kukitoa, uamue wewe.

Mwezi uliopita nilimpeleka Nuru kliniki kupimwa uzito, wewe ulipokuwa Dar es Salaam kushughulikia safari. Nilikwenda na Bi Somoe, ambaye ana wajukuu wanne walioletwa na basi mmoja mmoja kama vifurushi, na mdogo wao bado anapimwa. Nesi, binti mdogo mwenye sauti kubwa, alitoka mlangoni akaita, "Akina mama wenye watoto, simameni!" Tukasimama. Akatutazama benchi zima, akashika kiuno. Tulikuwa wazee watupu.

Bi Somoe akamwambia, "Nesi, sema akina bibi. Akina mama wako Dar, Mbagala."

"Wote?"

"Wote. Wanatuma picha."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nesi naye akacheka, akasema, "Haya, akina bibi vijana, leteni wajukuu." Lakini nilipomweka Nuru kwenye mizani nilishika meza nisiyumbe, na yule binti akaniona. Akanikalisha pembeni, akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha. Akatazama mara mbili, halafu akapunguza ile sauti yake kubwa. "Bibi, wewe unakunywa dawa zako?" Nikasema ninakunywa. "Kila siku?" Nikasema, "Binti, mimi ni mwalimu, siulizwi maswali." Akasema, "Shikamoo Mwalimu, na dawa unywe kila siku." Sikuwa na budi kuitikia marahaba.

Ninakueleza hili kwa sababu ulipaswa kulijua kabla ya kusaini mkataba, nami sikukuambia. Magoti yangu yanauma na presha yangu inapanda. Nikianguka uani, Nuru bado hajui kwenda kumwita jirani. Nimepanga na Hamisi na mkewe kwamba lolote likitokea watamchukua, na Bi Somoe anapita kila asubuhi kuhakikisha nimeamka, ingawa mwenyewe anatembea kwa mkongojo. Ndio ulinzi tulio nao: mzee anamlinda mzee ili mzee amlinde mtoto. Na ninakuomba jambo ambalo litakuuma. Ukisikia nimekufa, usikimbilie kunizika. Unajua sisi hatumcheleweshi maiti. Nitakuwa chini ya ardhi kabla hujapata tiketi. Nauli hiyo itumie kumfuata Nuru.

Sasa nije kwenye sababu yenyewe.

Wewe ulikuwa na umri huu alio nao Nuru nilipopata nafasi ya kwenda chuo cha ualimu kujiendeleza. Baba yako, Mungu amrehemu, alikubali. Bibi yako akaja kukuchukua ili akuachishe ziwa. Nilijipaka shubiri chungu kwenye ziwa kama ulivyojipaka wewe wiki iliyopita. Ninajua unakumbuka Nuru alivyofanya: alionja, akatema, akakutazama usoni kwa mshangao, halafu akachukua pindo la gauni lake akakufuta ziwa ili ajaribu tena. Ulitoka chumbani ukaenda kulia chooni ukidhani sikukusikia. Nilikusikia. Sikukufuata kwa sababu na mimi nilikuwa ninalia, kwa mambo ya zamani zaidi.

Nilikwenda nanyi hadi Kiranjeranje, na alfajiri ya kuondoka kwangu bibi yako alisema maneno yale yale ya Bi Somoe. Mtoto haagwi. Nilikuacha umelala kifuani mwake pale Kiranjeranje, ukiwa umeshika pindo la kanga yangu. Nikaivua kanga taratibu, nikakuachia, nikatoka na ile niliyojitanda. Nilijiona mwerevu. Njia nzima nilikuwa nikijisifu kwamba hukulia.

Yaliyotokea baadaye niliyasikia kwa bibi yako, na aliniambia mara moja tu. Uliamka, ukanitafuta. Ulitazama chini ya kitanda, ukatazama nyuma ya mlango, ukaenda jikoni ukafunua vyungu kimoja kimoja. Hukulia. Jioni ulikaa kizingitini na ile kanga, ukakataa kuingia. Kesho yake ulianza tena, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwenye vyungu. Ukakataa uji, homa ikakushika, bibi akakubeba mgongoni mpaka zahanati. Kwa nini ufunue vyungu? Nimejiuliza miaka yote. Nadhani kwa sababu hakuna aliyekuambia nimekwenda. Kwako wewe sikuwa nimekwenda. Nilikuwa nimepotea humo humo ndani, na kazi ya kunitafuta ilikuwa yako.

Nilirudi likizo na mkate na gauni la njano. Nikapiga hodi. Ulikuja mlangoni, ukanitazama, ukarudi ndani mbio, na nikakusikia ukisema, "Bibi, mgeni amekuja."

Bibi yako alicheka ili kunisaidia. "Mgeni gani? Huyo si mama yako?" Ukajificha nyuma yake.

Mgeni. Nilimaliza chuo, nikapandishwa daraja, nikajenga nyumba hii unayoiacha kesho, na neno hilo halijanitoka. Ulinizoea tena, ndiyo. Lakini tangu hapo hukuwahi kulala kabla yangu. Ukiwa binti wa darasa la saba ulikuwa ukivuta kitanda chako kikabili mlango. Hata juzi ulipokuwa umejilaza na Nuru, nilipita taratibu ukafumbua macho mara moja na kuuliza, "Unakwenda wapi, Mama?" Wewe husema hukumbuki lolote la Kiranjeranje. Ninakuamini. Kichwa chako kimesahau, ila usingizi wako unakumbuka.

Ndiyo maana sitaki tumfanyie Nuru hivi. Atakuwa analelewa na bibi mgonjwa, baba yake aliyetuma talaka kwa ujumbe wa simu hatafika, na mama yake atakuwa sura ndani ya kioo cha simu kila Ijumaa. Hayo yote hatuwezi kuyazuia. Riziki imekuita, deni la Mungu kwako ni pumzi tu, mengine unatafuta mwenyewe. Lakini tusimwongezee na kutafuta. Mtoto anayejua mama yake amekwenda hulia, kisha hungoja. Anayetorokwa hafunzwi kungoja, hufunzwa kutolala.

Na huko uendako, ninakuomba kitu kimoja tu. Utawakuta wazee ambao watoto wao hawaji. Watakuuliza kila siku kama yupo mtu mlangoni. Usiwadanganye, na usimhukumu yule mwana asiyekuja. Wewe mwenyewe, kuanzia kesho, ni mwana wa namna hiyo, na mimi ni mzee wa namna hiyo, tofauti ni kwamba mimi sina ubao nyuma yangu. Waite kwa majina yao. Ukimaliza zamu, usitoke kwa kunyata wakiwa wamesinzia. Waambie, "Ninakwenda, nitarudi kesho." Inachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Sitakudanganya wewe pia. Sijui kama utanikuta. Mkataba wako ni mrefu kuliko matumaini ya yule nesi, niliona usoni mwake. Utawaosha wazee wa watu wakiwa hai, nami nikifa ataniosha Bi Somoe, kama hatanitangulia. Nimemwambia hivyo, akajibu, "Mimi nikuoshe? Na mkono huu wa baridi yabisi? Utakwenda kwa Mola na sabuni masikioni." Tulicheka sana.

Basi hivi ndivyo ninavyoona mimi, nawe uamue. Usiku huu mlaze Nuru kitandani kwako, si kwangu. Hakuna haja ya shubiri tena, ameacha ziwa. Alfajiri mwamshe, hata akinuna. Mnawishe uso. Mpe uji, mkae chini wote wawili, umwambie kwa maneno ya kawaida kwamba unakwenda mbali kufanya kazi, kwamba hutakuwa chini ya kitanda wala ndani ya chungu, kwamba atabaki na bibi. Hataelewa yote. Mwambie hivyo hivyo. Kisha mbebe mgongoni mpaka kwenye bajaji, iletwe mlangoni, isifichwe. Hapo atalia. Atakushika nguo, na itabidi umbandue vidole. Nitakuwa nimesimama, nitampokea, na atanipiga mateke. Magoti yangu nitayavumilia.

Hutaisahau sauti hiyo, na njia nzima hadi Dar es Salaam utajiona mkatili. Mimi niliondoka nikijiona mwerevu. Ukatili wako utapona mapema kuliko werevu wangu.

Ninawasikia mnarudi. Nuru anabishana na kuku wa Bi Somoe, nawe unamwambia "acha" kwa sauti yangu.

Ukiisha kuisoma barua hii, usije kunijibu. Mimi nitaswali Isha, nitalala peke yangu, na nitauacha mlango wa chumba changu wazi. Alfajiri sitakuuliza umeamua nini. Nikisikia mtoto analia, nitajua amekuaga, nami nitatoka nje kumpokea.

Mama yako